Haikuwa jini, ilikuwa sindano! Wanaotibu akili nao warudi darasani

Na Mwandishi Wetu

USIKU huo Mbagala ilikuwa giza tupu. Umeme umekatika, sisi tumekaa uani tunapunga upepo na kupiga soga. Ghafla tukasikia kishindo chumbani. Tukakimbia mbiombio na kibatari.

Mtoto wa mama mkubwa, kijana wa miaka 22, konda wa daladala aliyekuwa anajulikana stendi nzima kwa maneno mengi, kalala chali. Shingo imepinda upande mmoja na imekaza kama mti. Macho yametazama juu kwenye bati, hayashuki. Ulimi umetoka nje. Anataka kusema kitu, sauti haitoki. Jasho linamtiririka kama maji.

Shangazi akajishika kichwa. "Jamani, limepanda!"

Nani kapanda? Jini, bwana. Kwetu uswazi mtu akigeuka shingo usiku wa manane hakuna mjadala. Akaitwa mtaalamu kutoka mtaa wa pili. Akaja na mkoba wake, akachoma ubani, akataka kuku mweupe, kaniki na shilingi elfu hamsini. Kuku alipatikana, kaniki ilipatikana, elfu hamsini ikachangwa mpaka na mpangaji wa chumba cha mbele. Jini likagoma kutoka.

Sasa hapa, mpenzi msomaji, kuna jambo ambalo pale uani tulilijua wote ila hakuna aliyelitilia maanani. Siku mbili kabla, bwana mdogo alikuwa amepelekwa kwenye kituo kimoja cha afya, jina nalihifadhi. Alikuwa halali usiku, anazungumza na watu wasioonekana, anasema matingo wenzake wanamtega. Akachomwa sindano, akatulia, tukarudi naye nyumbani tunashukuru Mungu.

Kulipokucha tukamrudisha palepale. Nesi tuliyemkuta, mama wa makamo, mtu mwema kabisa, akamtazama, akatikisa kichwa, akasema ugonjwa umezidi. Akamwongezea sindano. Ileile.

Mchana shingo ikawa mbaya zaidi, na sasa taya nalo likakaza. Tukakodi teksi mpaka hospitali kubwa. Pale tukapokelewa na dada mmoja mdogo tu, umri kama wangu. Hakushangaa wala hakuuliza habari za majini. Aliuliza swali moja: "Amechomwa sindano gani, na lini?" Tukamwonyesha kikaratasi. Akasema hii si jini wala si ugonjwa kuzidi, hii ni dawa. Akamchoma nyingine ya kulegeza. Nusu saa haikufika, shingo ikarudi, macho yakashuka, na neno la kwanza la bwana mdogo likawa kuomba maji.

Shangazi akakaa chini sakafuni akalia. Mimi nilikuwa nawaza kuku mweupe.

DAWA NI ILEILE, ELIMU NDIYO TOFAUTI

Naomba tuelewane. Siandiki haya kumsema yule mama wa kwanza. Nilikuja kumuuliza mama mdogo wangu, ambaye ni nesi wa siku nyingi, akanieleza taratibu huku anachambua mchele.

Sindano ile inaitwa haloperido. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na inasaidia kweli kumtuliza mtu anayesikia sauti. Lakini ina tabia yake. Kwa baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, katika saa au siku chache za mwanzo inaweza kukaza misuli ghafla: shingo, taya, ulimi, macho. Inatisha kuiangalia, ila dawa yake ipo. Kuna sindano ya Phenergan, kuna vidonge vya Artane. Mtu anarudi sawa. Ukimwongezea haloperido wakati huo, unamwagia petroli kwenye moto.

Jambo hili linajulikana duniani kwa miaka mingi tu. Limo vitabuni. Basi ilikuwaje yule mama asilijue?

Mama mdogo akanicheka. Akasema, "Mwanangu, yule si nesi wa akili." Wengi wanaokutana na wagonjwa wa akili kwenye vituo vyetu hawakusomea akili. Wamesomea uuguzi wa jumla, wamesomea ukunga, wamesomea utabibu wa malaria na kuhara. Somo la akili walilipata chuoni kwa wiki chache, wakafanya mtihani, wakafaulu, wakasahau. Halafu wakapangiwa kituo ambako foleni inaanzia getini. Miaka kumi inapita, ishirini inapita, hakuna mtu aliyerudi kuwaambia, njoo tukumbushane.

Hebu jifikirie wewe. Mimi nimeishia kidato cha nne. Leo ukiniwekea mtihani wa kemia nitaandika jina langu tu na tarehe. Sasa mwenzangu naye amesahau, ila yeye ana sindano mkononi.

KUTOKA LUTINDI MPAKA MIREMBE

Hapa kwetu matibabu ya akili yana historia ndefu. Kule Lutindi, kwenye milima ya Usambara, wamisheni wa Kijerumani walianza mwaka 1896 na kituo cha kulea watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 kikageuzwa kuwa mahali pa kutunza wagonjwa wa akili. Baadaye Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Ndiyo hiyohiyo ambayo vijana wa kijiweni wanaitumia kutaniana: mtu akivaa koti saa nane mchana, "Huyu apelekwe Milembe!"

Utani mbaya huo, lakini una ukweli ndani yake. Kwa muda mrefu mgonjwa wa akili alikuwa ni mtu wa kupelekwa mbali, afungiwe huko, asionekane. Kwa mtindo huo, waliotakiwa kuwa na ujuzi ni wachache wa Dodoma. Nesi wa Mbagala au wa Tandale angejifunza wa nini?

Mawazo yakaanza kubadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ulifanyika mradi Morogoro na Kilimanjaro wa kuwafundisha wahudumu wa zahanati za kawaida kutambua na kutibu magonjwa ya akili huko huko walipo. Maana yake mgonjwa asisafirishwe na kamba mikononi mpaka Dodoma, atibiwe karibu na mama yake. Wazo zuri sana. Ila linataka kitu kimoja: yule wa zahanati afundishwe, na akishafundishwa aendelee kufundishwa.

Kwa nini aendelee? Kwa sababu mambo hayasimami. Angalia hizi tarehe. Mwaka 2008 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili, ikachukua nafasi ya ile tuliyorithi kwa mkoloni. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wake wa kusaidia watumishi wasio mabingwa kutibu akili. Kitabu chao cha mwongozo kikatoka 2010. Kikapitiwa upya 2016. Mwaka 2023 ushauri ukatolewa upya tena. Sasa nesi aliyemaliza chuo mwaka 2000 na hajarudi darasani, haya yote yamempita kama basi la mkoani.

Na si vitu vidogo. Kuna dawa ya kifafa inaitwa valproeti. Inazuia degedege vizuri, lakini ikitumiwa na mwanamke aliye mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwetu wagonjwa wengi wa kifafa huhudumiwa kwenye kliniki za akili. Binti wa miaka 20 akija na kifafa chake, nani atamuuliza kama anapanga kuzaa? Atamuuliza yule anayejua kwamba swali hilo lipo.

MWANANYAMALA NA TEMEKE WALIVYORUDI SHULE

Usidhani haiwezekani. Hapa hapa Dar imefanyika, tena kwenye jambo gumu kuliko yote: unga.

Kila mtu wa Kinondoni na Temeke anawajua mateja. Ni wadogo zetu, kaka zetu, wengine tulisoma nao darasa moja. Zamani dawa ya teja ilikuwa kipigo, au kufungiwa ndani mpaka arosto iishe, au kuombewa. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaanza kutoa methadoni. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Mwaka 2012 huduma ikafika Mwananyamala, na 2014 ikafika Temeke.

Sasa fikiria kazi iliyokuwepo. Hapakuwa na nesi hapa mjini aliyekuwa amewahi kutoa methadoni kliniki. Hapakuwa na mfamasia aliyekuwa amewahi kuipima. Ilibidi watu wazima, wenye vyeti vyao ukutani, wakae chini waanze upya. Wajifunze kwamba dozi inaanza kidogo, inapandishwa taratibu, maana ukimpa mtu nyingi siku ya kwanza unaweza kumuua. Wajifunze kwamba mteja anakuja kila siku, anakunywa mbele yako. Na zaidi ya yote wajifunze kumwita "mteja," si "teja." Herufi moja tu, lakini kwa aliyezoea kufukuzwa kila mlango, ile "m" ni heshima.

Kuna kitu kimoja hapa kilinishangaza. Dawa ya kifua kikuu inaitwa rifampisini. Mtu anayekunywa methadoni akianzishiwa rifampisini, ini lake linaanza kuichoma methadoni haraka mno. Dozi iliyokuwa inamtosha jana, wiki ijayo haitoshi. Anatetemeka, anatoka kamasi, mifupa inauma, arosto imerudi. Anakuja kliniki kulalamika.

Nesi ambaye hajui atasema nini? "Wewe umerudia unga, muongo mkubwa." Atamfukuza, na kweli jioni jamaa atarudi maskani kununua kete. Nesi anayejua atauliza, "Umeanza dawa za TB?" Na dozi itarekebishwa. Swali moja hapo linaamua jioni jamaa atalala kwao au maskani.

Na hata washauri nasaha wa ukimwi yaliwakuta. Enzi zile WAMATA imeanzishwa, mwaka 1989, na PASADA kule Chang'ombe mwaka 1992, hapakuwa na dawa za kurefusha maisha kwa mtu wa kawaida. Kazi kubwa ya mshauri ilikuwa kumsaidia mtu na familia yake wakikabili kifo. Kuanzia 2004 serikali ikaanza kutoa ARV bure. Ghafla mtu yuleyule anaishi, anaoa, anazaa, anataka kusomesha watoto. Mshauri aliyebaki na maneno ya 1992 angekuwa anamzika mtu mzima!

SEMINA, POSHO NA FAILI KABATINI

Enhe, tuje sasa kwenye kasheshe lenyewe.

Kwa utaratibu, wataalamu wa afya wanatakiwa wajiendeleze. Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga wanataka mtu anapohuisha leseni aonyeshe kwamba amejifunza kitu tangu mara ya mwisho. Kwenye karatasi mambo safi.

Lakini mama mdogo amenipa stori za semina mpaka mchele ukaisha kuchambuliwa. Barua ya semina ikija, inapita kwanza kwa wakubwa. Semina iko Morogoro au Bagamoyo, siku tano, kuna posho. Atakayekwenda ni nani? Bosi, bwana. Na semina ya mwezi ujao, bosi tena. Mtu mmoja ana vyeti kumi na vinne, na mgonjwa hajamgusa tangu enzi za ruksa. Yule anayeshinda zamu ya usiku, anayevuliwa kofia na kutukanwa na wagonjwa, anaambiwa, "Wewe ukiondoka nani atabaki wodini?"

Bosi akirudi anatakiwa atoe mrejesho kwa wenzake. Mrejesho wenyewe ni dakika kumi za asubuhi, watu wamesimama, wanaangalia saa. Makabrasha yanaingia kabatini, kabati linafungwa, ufunguo anao mtu aliyekwenda likizo.

Nikamuuliza, basi wakatae posho? Akanikata jicho. Mshahara wa nesi unaujua wewe? Posho si dhambi. Dhambi ni elimu kuigawa kama pilau la harusini, wanaokaa meza ya mbele wanapata nyama, wa nyuma wanapata harufu.

Dawa yake anaijua na wala si ya gharama. Badala ya kuwatoa watu vituoni, mwalimu awafuate. Bingwa mmoja kutoka hospitali kubwa apite kituoni mara moja kwa mwezi, akae na nesi yuleyule, waone wagonjwa walewale, pamoja. Huyu shingo yake imekaza, tufanye nini? Huyu mama analia tangu ajifungue, tumuulize nini? Mtu akifundishwa hivyo, mbele ya mgonjwa mwenye jina lake, hasahau mpaka anastaafu. Na hakuna atakayebaki wodini peke yake.

BIBI WA KWENYE BENCHI

Wenzetu wa Zimbabwe walifika mbali zaidi. Daktari bingwa wa akili, Dixon Chibanda, aliona mabingwa hawatoshi. Mwaka 2006 akaanza kuwafundisha bibi. Ndiyo, bibi, wale wa mitaani wenye wajukuu! Wakawekewa benchi nje ya kliniki, mtu mwenye mawazo anakaa naye, anazungumza, wanatafuta njia ya tatizo moja baada ya jingine. Wenyewe Kishona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema "nina mawazo." Jirani hao, lugha mbalimbali, ugonjwa mmoja.

Utafiti uliochapishwa 2016 ukaonyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Lakini sikiliza siri yake: bibi wale hawakufundishwa siku moja wakaachwa. Wanasimamiwa, wanakutana, wanaulizana kesi ngumu. Bibi anaendelea kusoma.

Kwetu haja ipo, tena kubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, Dar peke yake milioni 5.4. Mabingwa wa akili hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki moja, wako chini ya hapo kwa mbali. Utafiti mmoja uliofanyika hapa Dar na kuchapishwa 2003 uliwahoji watu 354, nusu kwenye zahanati na nusu kwa waganga wa jadi. Kwa waganga, 48 kati ya kila 100 walikuwa na matatizo kama sonona na wasiwasi. Zahanati walikuwa 24 kati ya 100.

Yaani kwenye benchi la zahanati, katika kila watu wanne, mmoja hakuja na malaria. Anasema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna. Anapewa Panadol, anarudi nyumbani. Wiki ijayo yuko tena. Tatu, nne. Mwisho anakwenda kwa mganga kwa sababu mganga, pamoja na kuku wake, anamsikiliza.

MSOMAJI WANGU, UFANYEJE?

Najua utasema, mimi ni fundi simu, mimi ni msusi, habari za leseni za manesi zinanihusu nini? Zinakuhusu siku shingo itakapopinda nyumbani kwako.

Kwanza, tunza kile kikaratasi. Kilichomwokoa bwana mdogo wetu ni kikaratasi cha jina la dawa na tarehe. Mtu wako akipewa sindano au vidonge vya akili, omba jina liandikwe, na uliza: dawa hii ina tabia gani, nikiona nini nirudi? Kuuliza si utovu wa nidhamu. Muulize kwa adabu, "Samahani dada, shikamoo mama," atakujibu.

Pili, shingo ikikaza au ulimi ukitoka baada ya sindano, kimbia hospitali usiku huohuo. Usisubiri asubuhi na usianze na kuku. Mwingine anaweza kubanwa koo akashindwa kupumua.

Tatu, usiache dawa kwa sababu ya stori hii. Hapo ndipo nitakuwa nimekosea. Bwana mdogo alibadilishiwa dozi na akaongezewa kidonge cha kulegeza. Mpaka leo anahudhuria kliniki.

Nne, hawa wanaojiita washauri wa saikolojia mitaani na redioni, waulize walisoma wapi na lini. Mshauri wa kweli hakasiriki kuulizwa. Anayekasirika, wewe chukua begi lako.

Na ninyi wakubwa wenye mafaili: semina ijayo mpelekeni yule wa zamu ya usiku. Mara moja tu, mwone.

Mwezi uliopita nilipita kile kituo cha kwanza kumpeleka jirani. Yule mama yupo bado. Aliniuliza hali ya bwana mdogo, nikamweleza kila kitu, mpaka Phenergan. Nilidhani atakasirika. Akanyamaza kidogo, akachukua kalamu, akaniomba nirudie jina la dawa polepole. Akaliandika nyuma ya kalenda ya ukutani, herufi kubwa.

Mama wa watu amejifunza kwa mwandishi wa kidato cha nne, kwa sababu hakuna mwingine aliyemwendea.